Mwalimu ananiambia niishie Marichyasana A kila siku. Nihame darasa?

Mwalimu, shikamoo.

Nina miaka 41 na kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta kutwa. Nilianza yoga katika madarasa ya kawaida, yale ambayo mwalimu anasimama mbele, anataja mkao, na sote tunafuata. Miezi mitano iliyopita nikahamia darasa la ashtanga, yoga ya mikao yenye mpangilio usiobadilika, la mtindo wa Mysore. Humo hakuna anayetangaza kitu. Kila mtu anatandika mkeka wake, anaanza kwa wakati wake, anafanya mfululizo wake kwa kichwa, na mwalimu anapita katikati akimrekebisha huyu na yule.

Mwanzoni nilipenda sana. Siku hizi natoka pale nimenuna, na sababu ni nne.

Kwanza, kila nikimaliza Marichyasana A, mmoja wa mikao ya kukaa, mwalimu ananiambia, "Ishia hapo, nenda kwenye mikao ya kumalizia." Hii ni wiki ya saba. Kuna dada aliyeanza baada yangu, naye ameshapita Navasana, mkao ulio mbele zaidi. Mimi sijaelezwa kosa langu ni lipi.

Pili, mwalimu hunisemesha mara mbili kwa asubuhi nzima, na siku nyingine hanisemeshi kabisa. Ada ya mwezi nalipa sawa na wenzangu. Darasa la zamani nilikuwa nasikia sauti ya mwalimu mwanzo hadi mwisho. Hapa naona kama najifundisha mwenyewe.

Tatu, nasahau. Mikao ya Prasarita ikiisha sijui kinachofuata, nabaki nimesimama kama mgeni aliyefika njia panda, nikichungulia mkeka wa jirani.

Nne ni maumivu, na hili linanitia wasiwasi. Upande wa kulia, mahali palepale chini ya kalio, kwenye mfupa wa kukalia, panauma nikiinama mara ya kwanza asubuhi na nikikaa kazini zaidi ya saa moja. Halafu goti la kushoto linachoma upande wa ndani kila nikipandisha mguu juu ya paja la pili katika Ardha Baddha Padma Paschimattanasana. Mwanafunzi mwenzangu ameniambia nivumilie, eti nyonga ndiyo inafunguka.

Darasani naenda siku nne, Jumatatu hadi Alhamisi. Ili nisiachwe nyuma, Jumamosi na Jumapili nafanya mfululizo wa kwanza wote nyumbani kwa kufuata video, dakika 90, mpaka Setu Bandhasana. Sifanyi vizuri sana lakini nafika mwisho.

Je, nihame? Au kuna kitu sikioni?

Aliyekwama

N.B. Darasa letu hufungwa siku ya mwezi mpevu na siku ya mwezi mwandamo. Siku hizo nifanye nyumbani?

JIBU

Marahaba, Aliyekwama.

Usihame kwanza. Ila ile video iache, kuanzia Jumamosi hii. Umeitaja mwishoni kabisa, kama jambo la pembeni, na kwa maoni yangu ndiyo inayokuumiza kalio na goti, na ndiyo inayofanya mwalimu wako asione sababu ya kukusogeza mbele.

Tuanze na kalio, maana hilo halisubiri. Maumivu ya nukta moja kwenye mfupa wa kukalia, yanayoamka mtu akiinama mara ya kwanza na akikaa kitini muda mrefu, mara nyingi ni ya kano ya misuli ya nyuma ya paja, pale inapojishikiza kwenye mfupa. Ni jeraha linalojulikana sana kwa watu wa ashtanga, na ukipiga hesabu utaona kwa nini. Kila mzunguko wa Surya Namaskara A, ile salamu kwa jua ya kuanzia, una kuinama mara mbili, na kila mzunguko wa B vilevile. Ukifanya mitano ya A na mitano ya B umeshainama mara 20, na hata mkao wa kwanza wa kusimama hujaugusa. Zinafuata Padangusthasana, Padahastasana, Prasarita nne na Parsvottanasana. Halafu unakaa chini, na kuanzia hapo kuinama mbele ndiyo kazi yako kubwa.

Mtu anayeinama huku amekaza magoti, amepinda mgongo wa juu na anavuta vidole vya miguu kwa mikono, haongezi urefu wa misuli. Mvuto wote unakwenda kuishia kwenye kano, na kano hiyohiyo inabanwa kwenye mfupa. Kano haina damu nyingi kama misuli, kwa hiyo hupona polepole. Usishangae ikichukua miezi. Na kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kudhani kwamba panauma kwa sababu pamekaza, basi panyooshwe zaidi. Kila ukinyoosha unachokoa kidonda.

Kwa wiki sita zijazo, kila unapoinama, kunja magoti. Yakunje mpaka tumbo liguse mapaja, kisha nyoosha kidogo tu, na ukisikia ile nukta, rudi. Fanya hivyo hata katika Surya Namaskara, tena hasa humo, kwa sababu ndimo mwili ungali baridi. Katika Paschimattanasana kalia blanketi lililokunjwa, unene wa sentimita tano hadi nane, shika miundi badala ya vidole, na uishie nusu ya njia. Usimruhusu mtu akulalie mgongoni wala kukusukuma kwa chini. Mwambie mwalimu kabla hujatandika mkeka: "Kano ya kulia chini ya kalio inauma, naomba nisisukumwe katika kuinama."

Kano pia inahitaji kazi ya nguvu, na mfululizo wa kwanza hauna nyingi ya aina hiyo. Kila baada ya siku moja, lala chali, kunja magoti, weka nyayo sakafuni, inua makalio na ukae hapo sekunde 30 hadi 45. Rudia mara nne au tano. Ikishakuwa haiumi kabisa, sogeza visigino mbali na makalio kwa urefu wa unyayo mmoja na uanze tena. Kadiri visigino vinavyokwenda mbali ndivyo kano inavyobeba mzigo zaidi. Kipimo chako kiwe hiki: kwa mizani ya 0 hadi 10, maumivu yasipite 3, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Yakiwa yamezidi, jana ulipitiliza. Kazini nako, simama kila nusu saa.

Kama siku ilipoanza ulisikia kitu kikidata, au paja limevilia damu kwa nyuma, au kuna ganzi inayoshuka hadi chini ya goti, au maumivu yanakuamsha usiku, usiendelee na mpango huu kabla hujaonwa na daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo.

Sasa goti. Mwenzako aliyekwambia nyonga inafunguka amekosea, na ushauri wa namna hiyo umeharibu magoti ya watu wengi. Nyonga ikifunguka utaisikia kwenye nyonga: kwenye kalio, ubavuni mwa paja, kwenye kinena. Kuchoma upande wa ndani wa goti maana yake nyonga imegoma kuzunguka, na mzunguko uliobaki umelibebesha goti. Goti ni bawaba kama ya mlango, kazi yake kukunja na kukunjua. Likiwa limekunjwa nusu na mtu akavuta mguu kuupandisha, muundi unazungushwa chini ya paja, na kinachosagwa katikati ni gegedu la ndani.

Tazama jinsi unavyoingia katika nusu padma, yaani huko kupandisha mguu mmoja juu ya paja la pili. Nakisia unaukamata mguu wa kushoto kwa mikono miwili huku goti likiwa wazi, unauinua na kuuleta juu ya paja la kulia, kisha unalisukuma goti chini. Fanya kwa mpangilio huu mwingine. Kaa Dandasana, miguu yote imenyooka mbele. Kunja goti la kushoto mpaka mwisho, shavu la mguu liguse nyuma ya paja na kisigino kikaribie kalio. Goti likishafungwa hivyo, libaki limefungwa. Hii ndiyo kinga yako. Sasa acha paja lote liangukie nje kutoka kwenye nyonga, taratibu, bila kufungua goti. Ndipo ulete muundi wote kwa pamoja, mkono mmoja chini ya goti na mwingine chini ya kifundo cha mguu, ukikielekeza kisigino kwenye kitovu. Kisigino kitue karibu na tumbo, kwenye mkunjo wa paja la kulia, na wayo utazame juu. Kifundo cha mguu kisipinde kama mundu. Na goti lisielekee ubavuni kabisa. Lielekee mbele na nje, kama nyuzi 45.

Kisha pima. Acha mikono. Goti likiwa linaning'inia zaidi ya ngumi moja kutoka sakafuni, au likichoma hata kidogo, nusu padma si yako leo. Toa mguu kwa njia uliyoingilia, bila kuufyatua, na weka wayo kwenye paja la ndani kama Janu Sirsasana A. Likiwa linaning'inia kidogo na halichomi, ingiza taulo lililokunjwa chini yake na ukae pumzi tano bila kuinama. Kulisukuma kwa mkono ni marufuku.

Kuna mahali pengine ambapo goti hilo linaumizwa kimyakimya, na wanafunzi hupasahau kwa sababu hapaitwi mkao mgumu. Ni pale mwisho, kwenye Padmasana ya kumalizia, ambapo miguu yote miwili inapandishwa. Kaa kwa kukunja miguu kawaida tu, kama mtu anayekaa mkekani kwa mazungumzo. Vilevile katika Ardha Baddha Padmottanasana ya kusimama, weka wayo kwenye paja la ndani na uishie hapo. Katika Triang Mukhaekapada, kalia tofali la yoga au blanketi nene ili goti lililokunjwa nyuma lisibebe uzito. Janu Sirsasana C, ile ya kusimamisha kisigino juu ya vidole, ibadilishe kuwa Janu A mpaka goti litulie. Goti likivimba, likikwama katikati ya kukunjuka, au likikuachia unapotembea, hilo ni la daktari.

Hesabu sasa hiyo video. Mfululizo wa kwanza ukiufanya mpaka mwisho, mguu wako unapandishwa katika Ardha Baddha Padmottanasana, Ardha Baddha Padma Paschimattanasana, Marichyasana B, Marichyasana D, Garbha Pindasana pamoja na Kukkutasana, kisha katika kumalizia Urdhva Padmasana, Pindasana, Matsyasana, na ile Padmasana ya mwisho. Darasani unagusa chache tu kati ya hizo. Jumamosi na Jumapili unazipitia zote mfululizo, siku mbili, na Jumatatu unampelekea mwalimu goti lililovimba kwa ndani na kano iliyovutwa. Yeye anaona mtu ambaye kila Jumatatu amerudi nyuma.

Hapo ndipo tunalifikia lile linalokukera zaidi. Kwa nini Marichyasana A?

Chora miguu peke yake kwenye karatasi. Marichyasana A: mguu mmoja umenyooka, wa pili goti limesimama. B: goti limesimama vilevile, lakini ule uliokuwa umenyooka sasa umekunjwa nusu padma. C: miguu ya A, kiwiliwili kinazunguka. D: miguu ya B, kiwiliwili kinazunguka. Kwa hiyo mkao unaokufuata, B, ni nusu padma. Na ni nusu padma isiyo na mlango wa kutokea. Katika Ardha Baddha Padma Paschimattanasana mguu mwingine umenyooka, goti likichoma unaachia mkono na yameisha. Katika B goti la pili limesimama, mwili unaegemea upande wa mguu uliokunjwa, uzito unalibana goti hilo sakafuni, na mikono yako imefungana nyuma ya mgongo. Kisha unainama. Mtu ambaye goti lake linachoma katika ule mkao mwepesi hapelekwi kwenye huu. Nadhani mwalimu wako ameuona uso wako ukikunjamana unapopandisha mguu wa kushoto, akaamua. Kosa lake ni kutokukwambia, na hilo nalihesabu kuwa kosa kweli. Wiki saba za "ishia hapo" bila hata sentensi moja ya sababu ni nyingi mno.

Yule dada aliyepita Navasana usimpime kwa bidii. Vikombe vya nyonga havifanani kwa watu. Kuna ambao mfupa wa paja unazunguka nje bila kikwazo tangu utotoni, na kuna ambao mfupa unagota kwenye mfupa mapema, na hakuna mazoezi yatakayobadilisha hilo. Huenda yeye nusu padma amezaliwa nayo, na kesho atakwama mwaka mzima kwenye Supta Kurmasana.

Mtindo huu umepewa jina la mji wa Mysore, kusini mwa India, ambako K. Pattabhi Jois (1915–2009) alifundisha kwa miongo kadhaa. Utaratibu wake ni kwamba mgeni anapewa Surya Namaskara, akizishika anaongezewa mikao ya kusimama, kisha ya kukaa, mmoja juu ya mwingine, na mwalimu ndiye anayeongeza. Ndiyo maana asubuhi ya mgeni inaweza kuwa ya dakika 30 tu na hakuna anayemwona mvivu. Walimu hawafanani katika ukali wa jambo hili. Wapo wanaokusimamisha kwenye mkao usiouweza, na wapo wanaokuruhusu kuendelea kwa kutumia mkao mbadala. Una haki ya kuuliza mwalimu wako ni wa aina gani.

Hata ile ada unayoilalamikia ina hesabu yake. Darasa la saa mbili lenye watu 15 ni dakika nane kwa kila mmoja, tena kama mwalimu hapumui. Katika darasa la kuongozwa, kama lile lako la zamani, unasikia sauti dakika 90, lakini sauti hiyo haijui goti lako. Dakika zako nane zinakuwa ndogo zaidi kwa sababu unazitumia vibaya: unasubiri uonwe. Mwalimu huwa anatazama chumba kizima na huenda kwa anayetetereka au aliyeomba. Chagua jambo moja kwa wiki. Jumatatu, kabla hujaanza, sema: "Wiki hii naomba unitazame ninapoingia Ardha Baddha Padma Paschimattanasana, upande wa kushoto." Ukifika hapo na hajakuona, kaa Dandasana, vuta pumzi, mtazame. Atakuja. Maswali marefu yasubiri hadi umeshapumzika na kukunja mkeka. Katikati ya mazoezi yanakupoza mwili na kuwavuruga wengine.

Kuhusu kusahau. Darasa la mtindo huu linakudai mpangilio uwe kichwani, kwa sababu kichwa kikiuliza "nini kinafuata?" pumzi ndiyo inayokatika. Lakini usikariri majina 40 kama orodha ya mahudhurio. Yashike kwa ukoo.

Surya Namaskara A ina hatua tisa na B ina 17, na zote zinafuata kanuni moja: namba witiri unavuta pumzi, namba shufwa unatoa. Moja, mikono juu, unavuta. Mbili, unainama, unatoa. Tatu, unatazama mbele, unavuta. Nne, unaruka nyuma na kushuka, unatoa. Tano, unainua kifua, unavuta. Sita, unarudisha nyonga juu, unatoa, unabaki pumzi tano. Saba unarudi mbele ukivuta, nane unainama ukitoa, tisa unasimama ukivuta. Ukipotea katikati ya B, jiulize tu kama pumzi inaingia au inatoka, utajua ulipo.

Mikao ya kusimama inakwenda kwa jozi. Trikonasana iliyofunguka na iliyozungushwa, kisha Parsvakonasana iliyofunguka na iliyozungushwa. Prasarita nne zinatofautiana mikono tu: viganja sakafuni, mikono kiunoni, vidole vimefumwa nyuma, kushika vidole gumba vya miguu. Na hapo unapopotea wewe, fuata miguu yako: inakaribiana. Katika Prasarita imeachana sana. Katika Parsvottanasana, mikono ikiwa imekutana nyuma mgongoni, miguu imebaki kama mita moja. Kisha miguu imekutana, unasimama kwa mguu mmoja katika Utthita Hasta Padangusthasana, na ule wa nusu padma ya kusimama. Baada ya hapo Utkatasana na Virabhadrasana mbili zinakushusha sakafuni. Za kukaa ulizonazo ni Paschimattanasana, Purvottanasana, mbili za mguu mmoja, Janu tatu, Marichi. Basi.

Andika mpangilio wako kwa mkono na uweke karatasi chini ya ukingo wa mkeka kwa wiki tatu. Baada ya hapo iache nyumbani. Ukisahau, simama Samasthiti, wima miguu pamoja, vuta pumzi mbili au tatu. Ikiwa haijaja, mtazame mwalimu. Kumchungulia jirani si dhambi, ila jirani anaweza kuwa kwenye mfululizo wa pili, na utajikuta umeingia mahali ambapo mgongo wako haujaalikwa.

Neno moja kuhusu uchovu, hukuliuliza lakini nalisoma katika barua. Kama mikono imekwisha ukifika kwenye Janu, acha kuruka nyuma kati ya upande wa kulia na wa kushoto. Ruka mara moja tu, pande zote mbili zikiisha. Na unaposhuka Chaturanga, ile hatua ya nne ya kushuka kwa mikono, mabega yasishuke chini ya usawa wa viwiko. Ukishindwa, weka magoti chini. Bega lililochoka linaporomokea mbele, na hilo nalo lina foleni yake kwa daktari.

Nije sasa kwenye swali la kuhama, maana kuna hali ambazo ningekwambia ondoka leo. Mwalimu akikusukuma baada ya kumwambia usisukumwe. Akikwambia maumivu ya goti ni ya kuvumilia. Akikushika mahali ambapo huelewi kunahusiana vipi na mkao. Hili la mwisho si la kunong'ona: wanawake kadhaa waliokuwa wanafunzi wa Pattabhi Jois walisema hadharani kwamba aliwagusa isivyofaa kwa kisingizio cha kuwarekebisha, na mwaka 2019 mjukuu wake, Sharath Jois, aliandika kuwaomba radhi. Tangu hapo madarasa mengi huuliza kwanza, au hukupa kadi ndogo ya kuweka mbele ya mkeka kuonyesha kama unataka kuguswa. Kama kwenu hakuna kadi, mdomo unatosha: "Leo naomba maneno tu." Mwalimu akinuna kwa hilo, umeshapata jibu lako. Kwa uliyoniandikia, wako kosa lake ni ukimya, na ukimya dawa yake ni kuulizwa.

Ratiba yako iwe hivi hadi wiki sita ziishe. Jumatatu hadi Alhamisi darasani, kwa mabadiliko niliyoyataja. Ijumaa pumzika au fanya yale ya kuinua makalio. Jumamosi, ambayo kwa desturi ya ashtanga ni siku ya mapumziko, pumzika kweli. Jumapili nyumbani, bila video: Surya A tano, B tatu, mikao ya kusimama, kisha ile mitatu ya mwisho ya kukaa kwa miguu iliyokunjwa kawaida, na kulala chali dakika 10. Ni kama dakika 45. Wiki ya saba mwombe mwalimu akutazame upande wa kushoto. Goti likiwa limetua chini bila kuchoma, muulize kuhusu B. Likiwa bado, muulize akupe B ya mguu ulionyooka, ili uendelee hadi C, ambayo miguu yake tayari unayo.

Kuhusu N.B. yako: kufunga siku ya mwezi mpevu na ya mwezi mwandamo ni desturi ya ashtanga, na maelezo ya sababu zake utayasikia mengi. Kwako wewe hizo ni siku mbili za ziada kwa mwezi ambazo kano haivutwi. Usifanye nyumbani. Kama mwili unawasha, tembea.